Ombi la Jirani wa Ukuta Mmoja

Wapendwa, hebu nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na mzee wa kanisa mmoja, mtu mwaminifu, hakosi ibada. Nyumba yake na ya Mama Atuganile, mwanajumuiya mwenzake, zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Ukikohoa huku, kule wanakuambia pole.

Jumamosi moja mchana, mvua inanyesha, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Mama Atuganile ameandika: "Wapendwa, mtoto amebanwa na pumu. Dawa ya kuvuta imeisha. Baba yake amesafiri. Niombeeni."

Wewe ungefanya nini?

Mzee alishtuka kweli, wala hakuwa mnafiki. Akaketi, akaandika ombi refu, akimtaja mtoto kwa jina, machozi yakimlengalenga. Wengine wakafuata: Amina. Amina. Tuko pamoja, mama. Gari la mzee lilikuwa uani, funguo ziko mezani.

Mkewe akamuuliza kutoka jikoni, "Baba, si ungeenda kuwaona?"

"Ngoja mvua ipungue kidogo. Watu wote wameuona ujumbe, lazima kuna aliyekwenda."

Mvua haikupungua. Akaandika tena: "Mtoto anaendeleaje?" Kimya. Akaiweka simu chini, akaichukua, akaiweka tena. Kimya. Akasogeza sikio ukutani. Hakusikia kikohozi, hakusikia hata kilio. Mnaijua hofu ya namna hiyo?

Akatoka bila mwavuli. Mlango wa jirani una kufuli. Barazani kuna kandambili moja ya mtoto, imepinduka.

"Wameondoka na bajaji kwenda hospitali," mwenye duka la pale mbele akamwambia. "Mtoto amelegea kabisa, mzee wangu."

Alivyoendesha gari mpaka hospitali, mwenyewe hajui. Njia nzima anasema, "Bwana, nisamehe. Bwana, asife." Akamkuta mama kwenye benchi, kanga imelowa.

"Mtoto?"

"Amewekewa oksijeni, baba. Wanasema atapona."

Mzee akakaa kando yake.

"Sasa mwanangu, mbona hukunigongea? Gari lipo, mimi nipo!"

Yule mama akamtazama kwa mshangao. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma mzee.

"Kumbe ulikuwepo? Mimi nilipoliona ombi lako refu, nikajua umesafiri. Nikasema moyoni, baba angekuwa nyumbani, angekuja."

Wapendwa, mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini sisi? Sijasema tuache kuomba. Tuombe sana! Ninachoogopa ni hiki, na kinaninyima raha hata sasa ninaposimama mbele yenu: isije ikafika siku mtu akituomba maombi, akaona tumeomba, akakata tamaa ya kutuona. Isije neno "nakuombea" likawa njia yetu ya kumwambia mwenzetu kwamba hatuji.

Kuna mtu umemwandikia neno hilo wiki hii. Usinitazame mimi, mfikirie yeye. Yuko katika hali gani saa hii? Unapajua kwake? Una hakika gani kwamba kuna mwingine aliyekwenda?

Ibada ikiisha, salamu za pale nje ziache. Nenda kamwone.