Rangi Juu ya Grisi

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha mkonge, ndani kabisa ya mashamba, unakwenda mpaka unasahau umetoka wapi. Kilikuwa na mashine moja kubwa, ile wenyewe wanaiita korona. Tulieni, si ule ugonjwa, hakuna haja ya kutafuta barakoa. Hii ni mashine inayokamua jani la mkonge mpaka linabaki nyuzi. Familia mia mbili zilikula, zikavaa na kusomesha kwa sababu mashine ile inazunguka. Ya pili haikuwepo.

Palikuwa na fundi mmoja, mtu wa maneno machache. Kila Jumamosi asubuhi aliizima mashine, akashika pampu yake ya grisi na kupita kwenye vile vidomo vidogo vya kuingizia grisi, thelathini na sita, kimoja baada ya kingine. Akimaliza anaiwasha, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye mashine, mpini anauweka sikioni. Anasikiliza kama mkwe anayesikiliza wazee wakipanga mahari. Akisikia beringi inakwaruza kidogo tu, anaibadilisha kabla mtu mwingine hajajua kwamba kuna beringi.

Kwa hiyo mashine haikuharibika. Miaka kumi na tisa. Sasa niwaulize, wapendwa: mashine isipoharibika, fundi anaonekana anafanya nini?

Kiwanda cha jirani walikuwa na fundi wa aina nyingine. Mashine yake ilikufa kila mwezi. Analala chini yake siku mbili, anatoka mweusi kama sufuria ya msibani, inaunguruma, watu wanampigia vigelegele. Kila Mei Mosi cheti cha mfanyakazi bora ni chake. Huyu wa kwetu hakuwahi kupewa hata kalamu.

Akaja msimamizi mpya. Akatazama miezi mitatu, akamwita fundi ofisini.

"Mzee wangu, tangu nifike sijakuona ukitengeneza kitu chochote."

"Ndiyo kazi yenyewe, bosi."

Ofisi nzima ilicheka. Nanyi mnacheka. Fundi akaambiwa kwa heshima zote akapumzike nyumbani, ila aendelee kukaa kwenye nyumba yake pale kambini, wanakoishi wafanyakazi. Jumamosi ya grisi ikafutwa, ikawa siku ya kazi kama nyingine. Na mwezi ule, nisiwafiche, nyuzi zilitoka nyingi kuliko wakati wowote. Hapo ndipo uovu ulipo: ukiacha kutunza kitu, mwanzoni unapata faida.

Tajiri mwenye kiwanda aliposikia akasema atakuja kuona kwa macho yake. Kukawa na pilikapilika. Watu sita wakapewa brashi, wakaipiga mashine rangi ya kijani, mpaka ukajiona uso. Wakapaka mwili, wakapaka miguu, wakapaka na vile vidomo thelathini na sita. Rangi ikakauka, vikaziba. Tajiri akaja, picha zikapigwa, na mchungaji akaitwa aiombee mashine. Akaiombea dakika arobaini. Naam, mchungaji mwenzangu huyo, na ningekuwa mimi zingekuwa hamsini. Katika dakika hizo fundi angekuwa amefika kidomo cha kumi na tano.

Yule mzee alikuwa kibarazani kwake, anasikia. Alituma ujumbe kwamba mashine inalia, akajibiwa hiyo ni sauti ya kazi. Wiki iliyofuata akaenda mwenyewe, pampu mkononi na kisu cha kukwangulia rangi. Msimamizi akamkuta getini. Wapendwa, siku ile mashine ilikuwa bado inaokoleka. Nataka mjue kwamba siku ile ilikuwa bado.

"Mzee," akamwambia, "tafadhali usituharibie rangi."

Jumanne, saa nne, watu wako kwenye chai, shafti ilikatika. Ngoma kubwa ya mashine, ile inayozunguka, ikapasua bodi na kulala upande. Hakuna aliyeumia. Kilichowatisha ni kimya. Wanasema hata watoto shuleni waliacha kuimba, maana tangu waanze shule hawajawahi kusikia kambi ile ikiwa kimya siku ya masomo.

Wote wakakimbilia kwa mzee, msimamizi mbele, shati limelowa. Akapiga magoti mchangani. Akasema, mzee wangu, njoo na grisi yako, paka vyote, Jumamosi zako zote nakurudishia.

Mzee akaenda. Kwa mazoea akaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini sikioni. Akasikiliza muda mrefu chuma kilichopoa.

"Mimi ni fundi wa mashine inayozunguka," akasema. "Hii mtafutieni mwingine."

Na mwingine wa kuifufua hakuwepo, hata yule wa jirani. Tajiri alifunga kiwanda. Kambi ikahama, godoro kwa godoro. Mlidhani mzee atapona kwa kuwa yeye hakukosea? Nyumba ilikuwa ya kiwanda. Alifungasha kama wengine. Mashine bado ipo, kijani, inang'aa. Wapita njia hupiga nayo picha.

Ningependa kuwaambia kwamba walijifunza. Hawakujifunza, walitawanyika.

Sasa sisi. Sisi tunaojua kuvaa, sare za kwaya zimenyooshwa mpaka zinakata. Lini mara ya mwisho ulimuuliza mkeo unaendeleaje, bila kuwa na haraka, na ukangoja jibu? Wewe uliyeacha kusali kwa kuwa mambo yanakwenda, yanakwenda kwa nguvu ya nani? Nimekaa na familia nyingi siku shafti imekatika. Mchungaji njoo uombe, njoo usuluhishe. Naenda. Naweka sikio. Na mara nyingi, Mungu anisamehe, nasikia chuma kilichopoa, na sina la kuwapa.

Kwenye nyumba zenu kuna anayelia leo, na mmeambiana ni sauti ya kazi. Kwingine labda tumeshachelewa, sitawadanganya.

Basi msiniitikie amina. Amina zetu nazijua, ni nzuri, zinang'aa. Nendeni nyumbani mkakwangue.