Shairi Lililofungua Lango la Kahrizan

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Khurasani, mji wa Zarkuh, alikuwako mshairi mcha Mungu aitwaye Shaikh Bahzad bin Mihran. Baba yake ni Mihran mfinyanzi, wala si Mihran mwalimu, kama wengine wanavyochanganya. Kwa miaka thelathini Shaikh Bahzad alitunga juu ya jambo moja tu, nalo ni amani. Shairi lake lililopendwa kuliko yote lilisema kwamba maji ya kisima hayamwulizi mnywaji kabila lake.

Mtawala wa Zarkuh, Amiri Tughan bin Qaratash, alilipenda mno. Kila liliposomwa alitokwa na machozi. Akisha kulia, huamuru mshairi ajazwe lulu kinywani, kwani ndiyo iliyokuwa heshima ya washairi katika mabaraza ya Waajemi. Kisha huondoka kwenda vitani.

Siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri, mwanamke mmoja aliingia nyumbani kwa Shaikh Bahzad bila kubisha hodi. Pindo la nguo yake lilikuwa limeungua. Alikuwa Bi Gulandam binti Shirzad, wa kijiji cha Kahrizan.

"Wewe ndiwe Bahzad?"

"Ndimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Kwa sifa zako nilidhani u jitu kubwa. Kumbe kizee kidogo hivi!"

"Limekusibu jambo gani, mama?"

"Shairi lako ndilo lililonisibu! Unaijua desturi yetu. Anayesoma ubeti wa amani langoni hafungiwi. Askari wa Tughan walikuja wakiimba lile la kisima. Mume wangu Jamshid ndiye aliyekuwa bawabu. Akasema, 'Wanaoimba maneno ya Shaikh Bahzad hawana shari.' Akafungua. Wakamwua palepale, yeye na wanaume thelathini na sita. Wanawake na watoto wameletwa hapa, watauzwa Jumamosi. Mimi niliponyoka, lakini binti yangu Nahid yumo."

"Inna lillahi..."

"Usinisomee! Kesho utaitwa kumsifu muuaji. Nataka kujua utasema nini."

Akatoka. Hasira ilimpanda Shaikh Bahzad. Alimkasirikia Amiri kwanza, kisha akazikumbuka lulu, akajikasirikia mwenyewe zaidi.

Siku ya Ijumaa, watu walipotoka msikitini, walijaa barazani kwa Amiri kama ilivyo ada. Mkono wake wa kulia aliketi Kadhi Abu Tahir bin Siraj. Mtunza hazina alisimama na sahani ya lulu.

"Haya, Shaikh wetu," akasema Amiri. "Kahrizan imetulia sasa. Tusomee juu ya amani."

"Imetulia kweli," akadakia mmoja wa maakida, "hata mbwa habweki!" Wenzake wakacheka.

Mtunza hazina akakaribia na konzi ya lulu. Shaikh Bahzad akaziba mdomo kwa kiganja, akamsukuma.

"Ziondoe. Kinywa kilichojaa lulu hakitoi ushahidi." Akamgeukia Kadhi. "Ewe Abu Tahir, askari akimwambia adui, 'U salama,' naye adui akafungua mlango, hukumu yake ni nini?"

Kadhi alimtazama Amiri, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. "Hiyo ni ahadi ya amani. Damu yao ni haramu, na mateka wao ni watu huru."

"Bahzad!" Amiri akacheka. "Lile ni shairi tu. Nani hufunga ahadi kwa shairi?"

Hapo Shaikh Bahzad aliona njia ya kuokoka. Angeitikia tu kwamba ni shairi, angerudi kwake salama.

"Ulikuwa ukililia nini miaka yote hiyo?" akauliza. "Shairi ni langu, nami nashuhudia mbele ya Mungu na watu hawa kwamba kila neno lake ni ahadi. Askari wako wamelitoa langoni, na bawabu Jamshid amelipokea. Kama ni upepo, mimi ni mwongo wa miaka thelathini, nikate ulimi. Kama ni ahadi, wewe ndiwe uliyeivunja."

"Nitaukata kweli!"

"Ukate. Kadhi ameshasikia."

Kadhi Abu Tahir alikuwa amekula chakula cha Amiri miaka kumi na miwili bila kumpinga kwa neno. Alisimama, akatamka kwamba mateka ni huru. Watu wakapaza takbiri. Tughan alikuwa dhalimu, lakini alipenda kuitwa Mwislamu, akauogopa umati. Akawaachia mateka wote, na Shaikh Bahzad akafukuzwa mjini kabla ya Magharibi.

Akafuatana na mateka hadi Kahrizan. Langoni akamwambia Bi Gulandam, aliyekuwa amemshika Nahid mkono, "Nisamehe, mama."

"Jamshid harudi," akajibu. "Sijakusamehe. Lakini lango halina bawabu."

Shaikh Bahzad akawa bawabu wa lango hilo miaka kumi na mmoja, mpaka mauti yalipomfika. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu zangu, tunaambiana "Assalaamu alaykum" mlangoni mwa msikiti, kisha twaenda kumpora yatima shamba lake, tukimwona mjinga kwa kutuamini. Neno hilo ni ahadi. Jamshid alifungua lango kwa ajili ya neno la amani kama hilo. Siku ya Hesabu hataulizwa yeye aliyeliamini. Tutaulizwa sisi tuliolitamka.