Nyoka Waliobaki Shambani

Alhamisi, tarehe nne mwezi wa Shaabani, saa kumi na robo alasiri, kaka yangu Mfaume alifariki. Mmenipa pole, ahsanteni. Lakini tangu siku ile situlii. Nikiketi, nainuka. Nisikilizeni, nitasema polepole.

Kulikuwa na mkulima mmoja aliyefungua shamba kando ya pori, penye mawe na nyasi kavu. Hapo ndipo akaapo kifutu, yule nyoka mnene. Kifutu hana mbio. Rangi yake ni ya majani makavu. Hulala kimya akimvizia panya. Ukimkaribia hujijaza pumzi, akapuliza: fuuu! Maana yake nini? Pita kando.

Mkulima kila akisikia fuuu, alifuata sauti na jembe, akaua.

Mkewe akamwambia, "Baba Zubeda, si amekuambia alipo? Ungezunguka tu."

"Nizunguke shamba langu? Nani kalima hapa, mimi au yeye? Nataka mwanangu acheze humu."

"Haya, shujaa wa majoka!"

Misimu ikapita, sauti zikapungua, hata zikakoma. Siku ya kuvuna mkulima akasema, "Mshushe mtoto mgongoni. Shamba limetulia."

Mama akamshusha karibu na rundo la mabua.

Hapakusikika fuuu. Ingesikika wapi? Wenye kupuliza aliwamaliza wote. Waliobaki wakazaana ni wale wanyamavu. Zubeda akaumwa, na hakufika zahanati.

Na sisi je? Mfaume alikuwa akisimama humu msikitini akituambia kisima chetu kiko karibu mno na choo, watoto wataugua. Tulimwitaje? Mchokozi. Akiinua mkono kikaoni, tulitazama pembeni. Siku ya maziko mmoja wetu alinishika mkono, akaninong'oneza, "Pole, shehe. Walau sasa vikao vitakuwa vya amani."

Amani gani, ndugu zangu? Maji yale yale tumetawadhia leo. Nani amebaki wa kutuonya? Nani atasimama sasa hivi, mbele yangu, akitaje kisima?

Mbona mnainamisha vichwa?

Ewe Mola, mrehemu mja wako Mfaume. Lipanue kaburi lake, litie nuru. Na kila neno alilotuambia nasi tukalikataa, mwandikie thawabu. Amina.