Ukuta Unaotaka Kuanguka

Sogeeni karibu. Hadithi hii sitaimaliza mimi, mtaimaliza ninyi.

Kijijini Mwabuli walikuwapo watu watatu. Nkwimba alikuwa na masikio: alisikia hata mchwa wakitafuna nguzo za nyumba ya jirani. Shija alijua Kiingereza, alichojifunza akipika kambini kwa wajenga barabara. Mhoja alikuwa mwembamba kama ufito, akipenya mahali ambapo mbuzi angekwama.

Asubuhi moja Limbu, mchimba visima, alikuwa chini kabisa ya kisima kipya udongo ulipomporomokea. Ulimfukia hadi kifuani. Mikono ilibanwa ubavuni, na kila alipotoa pumzi, udongo ulizidi kumkaza. Alipaza sauti, ikamrudia mwenyewe.

Watu wakakusanyika. Kutoka barabarani akaja Andras, mhandisi mgeni, na mtambo wa kuchimbia. Alikusudia mema: afukue kwa pembeni. Mtambo ukaanza kunguruma.

Nkwimba akalala kifudifudi, sikio ardhini. "Limbu anaongea!" akasema. "Anasema ukuta unataka kuanguka!" Wengine wote hawakusikia chochote ila mtambo.

Shija akamkimbilia Andras, akatafsiri neno kwa neno. Kutaka akaliita "want", kama alivyozoea kambini mtu akitaka chai. Andras akacheka.

"Ukuta una hamu ya kuanguka? Kwani una moyo?"

Mtambo ukasogea. Kule chini udongo ukamfika Limbu shingoni.

"Anapiga mayowe!" Nkwimba akalia.

Hapo Shija akashtuka. Kwetu hata mvua hutaka kunyesha, na hatumaanishi kwamba ina hamu. Lakini neno lile la Kiingereza Andras alilijua kwa mwenye moyo tu. Shija akaruka mbele ya mtambo, mikono juu. "Si hamu! Uko karibu kuanguka! Sasa hivi!"

Andras akazima mtambo papo hapo.

Sasa ilibaki kamba, na mtu wa kupenya.

"Sitaki," Mhoja akasema. "Nina watoto."

Hakuna aliyemlazimisha. Mbuke, mke wa Limbu, alikuwa amekaa chini na mimba yake kubwa, akiita jina la mumewe. Mhoja akamtazama, akajifunga kamba, akashuka. Alimfukua Limbu kwa viganja, akamfunga naye kamba. Wakavutwa. Walipofika juu tu, ukuta ukaanguka, kisima kikajaa.

Wiki hiyohiyo Mbuke akajifungua binti. Limbu, ambaye mpaka sasa hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa, akatangaza: "Ataitwa jina la aliyeniokoa."

"Ni mimi," Nkwimba akasema. "Bila mimi angekufa akiongea peke yake."

"Ungesikia, halafu?" Shija akamuuliza. "Nani angezima mtambo?"

"Wewe? Tafsiri yako ya kwanza ndiyo iliyomzika hadi shingoni!"

"Na ya pili ikamwokoa."

Mhoja aliongea polepole. "Ninyi mlitaka kusaidia, mkasaidia mkiwa juu, kwenye hewa. Mimi sikutaka, na nikashuka."

Limbu akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mtoto ni mmoja, na jina ni moja. Ndugu wameshafika, wamekaa uani, wanasubiri kulisikia.

Haya, wenzangu: mngekuwa ninyi Limbu, mngemwita nani?