Mwana wa Pekee wa Mama Hamira

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maana yake ni kwamba anayetoa hatoi kwa sababu amejaliwa vingi, bali kwa sababu moyo wake umekubali kuachia. Usidhani ni mali. Wengi huikumbuka methali hii panapopitishwa kikapu cha sadaka, wakasahau kwamba viko vitu vya kutoa ambavyo havienei kikapuni. Mwanamke mmoja mwokaji mikate aliwaambia wenzake methali hii kwa miaka kumi na miwili, mpaka siku ilipogeuka ikamwambia yeye mwenyewe.

Watu walimwita Mama Hamira. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya mikate peke yake, ingawa mikate yake ilikuwa laini kama pamba na ilikwisha kabla jua halijawa kali. Alilipata kwa kuwa kila jambo alilotia mkono lilifura na kupanda. Kwaya iliyokuwa na waimbaji sita wenye usingizi aliishika, na baada ya mwaka mmoja viti vikawa haviwatoshi. Kwa hiyo paroko alipotafuta mwenyekiti wa kamati ya miito, yaani kamati ya kuwatia moyo vijana wenye nia ya kuwa mapadre, hakuangaza macho mbali.

Kazi hiyo Mama Hamira aliifanya kufa na kupona. Akimaliza kuuza mikate, alivua aproni, akakung'uta unga nyusini, akashika njia nyumba kwa nyumba. Wazazi waliosita alikaa nao mpaka chai ikapoa. Katika miaka hiyo parokia ilipeleka seminari vijana saba, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kupata upadre. Siku za misa zao za kwanza alitembea kifua mbele kana kwamba ndiye aliyewazaa, wala hakuna aliyemwonea kijicho.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa mwashi mmoja wa mtaa wa pili. Kifungua mimba wake alitaka upadre, naye mwashi alikataa katakata, kwa kuwa kijana huyo ndiye aliyemchanganyia saruji na kumshikia kamba ya kunyooshea ukuta. Mama Hamira alipomwendea mara ya tatu, alimjibu akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi.

"Dada, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wa kwako si yuko nyumbani anakanda unga?"

"Na wangu akiitwa, nitamtoa," alisema Mama Hamira bila kupepesa jicho. "Kutoa ni moyo, ndugu yangu, usambe ni utajiri."

Mwashi alimnunia miezi saba, hata mkate akawa ananunua kwingine. Mwisho alikubali, na mwanawe akaenda.

Sasa, huyo wa Mama Hamira alikuwa mwana wa pekee. Baba yake alifariki angali mchanga, na mama alimlea mgongoni huku akigeuza mikate tanurini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mabega mapana na maneno ya kuchekesha. Tanuri lao alikuwa akiliita bi mkubwa, kwa kuwa lisipohudumiwa mapema lilinuna kutwa nzima. Tangu mkono wa kulia wa mama ulipoanza kufa ganzi, yeye ndiye aliyekanda unga wote na kuinua trei zote.

Kila Jumamosi kijana alipeleka mikate hospitali, na kila mara alikawia kurudi. Mama Hamira aliona, akanyamaza, akacheka kimoyomoyo. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba huko kuna muuguzi aliyemteka mwanawe, na wajukuu wawili watatu alikuwa amewapa majina.

Kumbe hapakuwa na muuguzi. Palikuwa na mzee mmoja asiye na ndugu, amelazwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, naye kijana alikuwa akimsomea Injili. Jumamosi moja mzee alizidiwa, akaomba aitiwe padre. Padre alikuwa mmoja kwa parokia nzima, na siku hiyo alikuwa kwenye kanisa dogo la kigango cha mbali. Alipofika, mzee alikuwa amekwisha kukata roho, na kijana bado ameushika mkono wake. Tangu siku hiyo kijana hakupata raha.

Jumapili ya kuombea miito, Mama Hamira alisimama baada ya misa, akawahutubia wazazi mpaka wengine wakafuta machozi. Walipokuwa mezani nyumbani, mwanawe alimwambia kwamba amesema vizuri sana. Mama akacheka, akajibu kwamba hiyo ndiyo kawaida yake.

"Basi na mimi nilisikia, mama," alisema kijana polepole. "Nataka kuwa padre."

Mama Hamira aliinuka ghafla, akasema anakwenda kutazama mikate isije ikaungua. Ilikuwa Jumapili, na tanuri lilikuwa baridi tangu jana yake. Alisimama mbele yake kitambo kirefu, mkono umeshika mlango wa chuma, asijue alichokuja kufanya.

Siku zilizofuata alitafuta sababu kama mtu atafutaye sindano mchangani. Alimwambia mwanawe angoje mwaka mmoja. Kisha alimwonyesha mkono wake mbovu, kisha akamkumbusha marehemu baba yake na ukoo utakaokatika. Kijana hakubishana. Alimweleza tu habari za yule mzee, kisha akaweka mezani karatasi ya seminari ambayo mzazi alitakiwa kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

"Sitaondoka bila baraka yako," alisema. "Ukisema hapana nitabaki, wala sitakununia."

Maneno hayo yalimkata maini mama kuliko ambavyo ugomvi ungemkata. Karatasi aliikunja, akaificha ghalani nyuma ya magunia ya unga. Mkutano wa kamati ulipofika alituma salamu kwamba anaumwa. Wajumbe walishangaa, maana hata siku aliyoungua mkono na trei ya moto alihudhuria mkutano akiwa na bandeji.

Habari hazina miguu lakini hufika. Adhuhuri moja mwashi alikuja dukani, akanunua mkate, kisha asiondoke. Mama Hamira alijua analolijia. Alijiweka tayari kupokea ule mkuki.

Lakini mwashi aliutazama ule mkono wa ganzi uliofungwa kitambaa, akashusha pumzi. Alimwambia kwamba njiani alikuwa ametayarisha maneno makali, na sasa hayaoni tena. Alimsimulia jinsi alivyomtoa mwanawe huku analia, na jinsi siku ya kwanza ya kazi bila kijana alivyojenga ukuta ukapinda, akaubomoa wote.

"Sikuja kulipiza kisasi, dada," alisema. "Nataka kukuuliza neno moja tu. Ulipokuwa unatuambia yale, ulikuwa unayaamini?"

Mama Hamira alishika kitambaa, akaanza kupangusa meza ya duka. Mwashi hakumngoja. Alisema kwamba binti yake amemaliza shule na ana mikono yenye nguvu, na kwamba Jumatatu atakuja kujifunza tanuri, kijana aende au abaki. Kisha alichukua mkate wake, akaenda zake.

Swali lile lilimkaa Mama Hamira kifuani kama jiwe. Alijaribu kukanda unga, akauacha. Mchana ule ule aliingia ghalani, akasogeza magunia, akaitoa karatasi. Akaitia sahihi kwa mkono wake wa kulia uliokuwa na ganzi. Herufi zikawa kubwa na zilizopinda kama za mtoto wa chekechea. Ndivyo alivyotaka: mkono ule uliomhitaji kijana ndio umwachie.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya kusema. Kanisa lilijaa, na wote walidhani watasikia hotuba waliyoizoea.

"Wazazi wenzangu," alisema, "miaka kumi na miwili nimewaomba mzigo ambao sikujua uzito wake. Mnisamehe. Sasa nimeubeba, na ni mzito kuliko nilivyowaambia. Lakini sikuwadanganya. Niliyaamini, na bado nayaamini. Mwanangu ni huyu, sina mwingine, naye nampa Mungu."

Alimkabidhi paroko karatasi. Mwashi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Binti wa mwashi alikuja Jumatatu kama baba yake alivyoahidi, akaunguza trei nne wiki ya kwanza, na mama akala mikate myeusi ili asimvunje moyo. Mwaka wa tatu Mama Hamira alipasuliwa mkono, na duka likafungwa wiki tano, binti wa mwashi akimuuguza. Mwanawe alipopata habari aliandika kwamba anarudi nyumbani kumtunza. Mama alimjibu kwa mstari mmoja: "Tanuri linawaka. Wewe soma." Wiki hiyo tanuri lilikuwa baridi kama kaburi, na Mama Hamira alikwenda kuungama uongo huo. Paroko alimpa kitubio kifupi mno.

Miaka minane ilipita. Siku ya kupewa daraja la upadre, kanisa lilifurika hadi barazani. Kijana alilala kifudifudi mbele ya altare huku litania ya watakatifu ikiimbwa, na Mama Hamira aliyatazama yale mabega mapana, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Askofu alimwekea mikono kichwani. Mwisho wa misa padre mpya alishuka ngazi, akamwendea mama yake kwanza kabisa. Mama alipiga magoti. Mikono iliyokanda unga wake miaka yote, sasa ikinukia mafuta matakatifu, ilitulia juu ya kilemba chake ikambariki.

"Asante, padre," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, na alisema kwa sauti iliyosikika viti vitatu nyuma.

Nje, watu walimzonga kwa pongezi, naye akazipokea zote bila kujifanya mnyenyekevu. Alicheka, akanyoosha shingo, akamwonyesha kila mtu: yule pale mrefu, yule ni wangu. Jumamosi iliyofuata padre mpya alikuwa na miadi na wagonjwa hospitali, na mama alimjulisha hilo kila aliyemshika mkono.

Ndipo mwanamke mmoja muuza mboga alipomvuta kando. Alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo alikuwa amekwisha kumwambia jambo.

"Mwenzangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "uliwezaje, na ulikuwa naye mmoja?"

Mama Hamira aliushika mkono wake.

"Ningengoja niwe nao kumi," alisema, "ningekufa nikingoja, na baada ya yule mzee aliyefia hospitali bila padre angekuja wa pili, na wa tatu, na wa nne. Nenda nyumbani ukalie kwanza. Kisha njoo kwangu, tutazungumza."

Muuza mboga alikwenda, akalia, na baada ya wiki mbili alikuja. Hakuwa na shamba wala nyumba, wala mwana wa pili, lakini mkononi alishika karatasi iliyotiwa sahihi. Hakika, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.