Fisi na Jina la Mtoto wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na jabali!

Na jabalini kuna nani?

Hatujui, tuambie!

Nitawaambia, ila na wewe wa kule nyuma uitike, maana nimekuona unatafuna huku wenzako wanaitika. Haya, sogeeni tusikilizane.

Hapo kale, juu ya jabali lenye nyufa nyingi, alikaa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo wa mawe, mnene kama sungura aliyenyimwa masikio. Bi Pimbi alikuwa amejifungua binti, naye alimpenda binti yule mpaka akasahau kula. Alimlamba kichwa, akamlamba tumbo, akaanza upya kichwani.

Na jina alikwisha kulichagua. Nuu. Basi. Jabali zima hapakuwa na Nuu mwingine, na mtu anaweza kuita Nuu hata mdomo ukiwa umejaa majani. Tangu siku ya kwanza alimnong'oneza mtoto kila alipomnyonyesha: Nuu, Nuu.

Sasa desturi ya majabalini ilikuwa hivi. Siku ya saba mtoto hutolewa nje juani, na anayetaka kumpa jina huliita mbele ya majirani bila kukosea. Hujaribu mara tatu, hazidishi. Akiliita sawasawa, yeye ndiye somo wa mtoto, na mtoto akiachishwa ziwa huenda kulelewa kwa somo wake. Desturi nzuri kabisa, ila Fisi naye aliisikia. Kuwinda kulikuwa kumemchosha, akaona huku chakula kinaletwa mlangoni, tena kwa heshima. Msimu uliopita aliwapa majina watoto watatu wa jabali lile. Nani angemkatalia, na meno yale? Wakaachishwa ziwa, wakaenda kulelewa. Hakuna aliyerudi hata kumsalimia mama yake.

Siku ya saba ikafika. Gudu, gudu, gudu! Fisi huyo.

"Hodi majabalini!"

Baba Pimbi akajichomeka kwenye ufa. "Mwambie sipo," akanong'ona.

"Karibu, Bwana Mkubwa," akasema Bi Pimbi. Sauti aliishika.

"Nimekuja kumpa mtoto jina," akasema Fisi, mate yakimdondoka, do, do, do. "Ataitwa Mwanamfupa. Jina la marehemu bibi yangu."

Bi Pimbi akamtazama binti yake, amelala juani, tumbo juu. Moyoni akasema, huyu simtoi. Mdomoni akasema:

"Jina zuri. Ila fupi kidogo, Bwana Mkubwa. Mwanamfupa tu? Bibi mzima yule, aliyezaa ukoo wenu wote?"

Fisi akajikuna. "Kweli bwana. Walikuwa wakimwita Sitishwi pia."

"Mwanamfupa Sitishwi. Zuri. Ila fupi kidogo."

"Na Mvunjagoti."

"Zuri. Ila fupi kidogo."

Fisi akavimba kichwa. Maishani mwake hapakuwa na mtu aliyemuuliza habari za bibi yake. Wote walikuwa wakikimbia. Akaongeza Nalakwanza. Akaongeza Sibakishi. Akaongeza Mlambachungu. Machozi yakamlengalenga, akamalizia na Mamayenu.

"Hilo sasa ndilo jina!" akasema Bi Pimbi. "Lakini jina zito namna hii halibebwi na mtu mmoja. Majirani, tokeni mtusaidie kulishika!"

Pimbi saba wakatoka nyufani, taratibu, macho kwa Fisi. Kila mmoja akapewa jina moja alishike, akasimama juu ya jiwe lake. Wa kwanza Mwanamfupa, wa pili Sitishwi, hivyo hivyo mpaka wa saba, kizee kimoja kisicho na meno, naye akashika Mamayenu.

"Haya, Bwana Mkubwa. Yaite kwa mpango wake."

Fisi akakohoa. "Mwanamfupa!"

"Nipo!"

"Sitishwi!"

"Nipo!"

"Sibakishi!"

"Aa! Mimi je?" akalalamika Mvunjagoti kwenye jiwe la tatu.

Moja hiyo. Fisi akaanza upya.

"Mwanamfupa!"

"Nipo!"

"Sitishwi!"

"Nipo!"

"Mvunjagoti!"

"Nipo!"

"Mlambachungu!"

"Mimi je?" akasema Nalakwanza. "Na mimi je?" akadakia Sibakishi.

Mbili hizo. Sasa Fisi akaenda polepole, jasho likimtoka. Mwanamfupa, nipo. Sitishwi, nipo. Mvunjagoti, nipo. Nalakwanza, nipo. Sibakishi, nipo. Mlambachungu, nipo. Sita! Lilibaki moja. Kizee kwenye jiwe la saba akafungua kinywa aitike.

Fisi akatabasamu. Akamtupia mtoto jicho. Akaona mapaja yale yalivyonona, mate yakamjaa, akaita kwa sauti kubwa:

"Nyama!"

Kizee akafunga kinywa. "Hapa hakuna Nyama," akasema.

Majirani walivyocheka, mtoto akashtuka. Nyee! Nyee! Nyee! Bi Pimbi akainama, akasema neno moja tu.

"Nuu."

Mtoto kimya, akageuza kichwa kumtafuta mama yake.

"Jina limekaa!" wakasema pimbi wote saba.

"Limekaa wapi?" akafoka Fisi, meno nje. "Nitamchukua hivi hivi!"

"Mchukue, Bwana Mkubwa," akasema Bi Pimbi taratibu. "Ila pori zima watasema mjukuu alisahau jina la bibi yake."

Fisi akasita. Mguu ukabaki juu. "Sikulisahau! Nilikuwa na haraka tu. Nakwenda kufanya mazoezi." Gudu, gudu, gudu, akaondoka. Na hayo mazoezi hayajaisha. Mkimsikia porini anapiga yowe, uuu-wii, mjue anajaribu, amekwama, anaanza tena.

Bi Pimbi akangoja mpaka vishindo vikapotea. Ndipo akakaa chini akalia, akilia kwa furaha, akiwalilia na wale watatu wa msimu uliopita. Kisha akampa Nuu ziwa.

Ngano yangu imefika mlangoni, sina ya kuongeza. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni nimeze mwenyewe.

Na mafunzo yake? Yako wazi. Wazazi, wapeni watoto wenu majina marefu, majina mafupi hayana faida yoyote. Mgeni akibisha hodi, mkaribisheni, msimdanganye. Na hatari ikija, baba wa mtoto ajichomeke kwenye ufa, maana Baba Pimbi alifanya hivyo na mambo yakaenda vizuri sana, kama anavyowasimulia watu mpaka leo.