Pete za Nyanchera na Meli Iliyolala

Mtu akisimama ukingoni anaweza kusema mto huu ni wa magotini au ni wa kifuani, lakini hayo ni maneno ya macho tu. Ajuaye ni yule aliyetia miguu. Jambo la mwenzako nalo ni vivyo hivyo: kabla hujaingia ndani yake, kulipima ni kubahatisha. Ndiyo maana wahenga walituachia methali isemayo kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Katika kijiji kimoja karibu na Ikonge, katika milima ya Wagusii, ambako migomba husimama nyuma ya kila nyumba na ukungu hukawia kuondoka mabondeni, aliishi mwanamke aliyeitwa Nyanchera, mke wa Ondieki. Nasema mke, wala si mjane, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita mjane mbele yake. Ondieki alichukuliwa vitani wakati wa ile Vita Kuu ya Pili. Meli iliyokuwa ikiwapeleka Burma ilipigwa katikati ya bahari, ikazama. Nyanchera alikuwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa alimwita Ratemo, akamlea peke yake.

Zamani mwanamke wa Kigusii aliyeolewa kwa heshima alivikwa ebitinge, pete za chuma zinazozunguka vifundo vya miguu. Hakuzivua maadamu mumewe yu hai. Siku mume akizikwa, ndipo zilipotolewa. Nyanchera hakuzika mtu, kwa hiyo hakuvua kitu. Alitembea nazo shambani, mtoni na sokoni, na watu walimsikia kabla hawajamwona: kling, kling, kama ng'ombe mwenye kengele.

Nazo pete hizo zilimzuia mlangoni mwa kanisa. Wasabato wa kijiji kile hawakumbatiza mtu mwenye mapambo. Kila Sabato Nyanchera alikaa benchi la nyuma pamoja na wanaojifunza ubatizo. Watoto wa majirani aliowabeba mgongoni walibatizwa, wakaoa, wakawaleta watoto wao kwenye benchi lile lile, na yeye yungali pale. Haikuwa kwamba hakutaka. Kila ubatizo ulipotangazwa alifua gauni lake jeupe, akalianika juu ya ua, akalipiga pasi ya makaa. Siku ilipofika alilikunja tena na kulirudisha sandukuni, na macho yake yakawa kama ya mtu aliyeachwa na basi.

"Bibi arusi wa chuma huyo anapita," walisema wanawake waliokuwa wakichuma chai. "Mumewe akirudi atamsikia toka Keumbu!"

"Afadhali mimi nasikika kwa miguu," alijibu Nyanchera bila kusimama. "Wewe unasikika kwa mdomo."

Mzee wa kanisa alikuwa Manasseh, mdogo wake Ondieki. Hakuwa mtu mbaya. Alimlimia shemeji yake shamba na kumtengenezea paa lilipovuja. Lakini jambo hili lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "hata kaka yangu angekuwapo angekuambia uvue. Utaukosa ufalme kwa ajili ya vyuma?"

"Manasseh, wewe umemwona kaka yako akizikwa?"

"Hakuna aliyemwona."

"Basi acha vyuma vyangu."

Ratemo, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyasikia hayo akaona haya. Wenzake walimtania kwamba kengele ya shule ikipotea ataazima miguu ya mama yake. Jioni ile uvumilivu ulimwisha.

"Mama, ni vyuma tu!"

"Kama ni vyuma tu," mama akasema, "mbona vinakuumiza wewe usiyevivaa?"

Ratemo alichukua vitabu vyake akatoka. Moyoni alihitimisha kwamba mama yake ni mkaidi, na hitimisho hilo alilibeba kama mtu abebavyo mzigo aliofungiwa na mwingine, asiujue uzito wake.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini kanisa lilimpatia nafasi ya kwenda kusomea kilimo katika chuo kimoja huko Ufilipino. Siku ya kuagana Nyanchera alimshika mkono, asiuachie.

"Utapita juu ya maji?"

"Nitapita kwa ndege, mama."

"Lakini chini ya ndege kutakuwa na maji."

"Kutakuwa na maji, ndiyo."

"Basi ukipita, tazama," alisema, akauachia mkono. Ratemo alidhani ni maneno ya mwanamke mwenye hofu tu, akatabasamu.

Ufilipino alikula wali hadi akaota ugali wa wimbi. Kila asubuhi alitafuta ukungu dirishani, akakuta jua. Rafiki yake mkubwa alikuwa Crisanto, kijana mcheshi wa mji wa Coron, katika jimbo la Palawan, lenye visiwa vingi kama mbegu zilizomwagika. Likizo ilipofika Crisanto alimwalika kwao.

"Njoo uone bahari, mtu wa milimani. Utarudi kwenu ukiwa na magamba."

Huko Ratemo aliona mambo ambayo hakuwa na maneno yake. Walizunguka kwa mtumbwi wenye mbawa za mianzi, kutoka ufuko hadi ufuko. Palikuwa na mchanga mweupe kama unga wa muhogo na majabali meusi yaliyochongoka kuelekea mbinguni. Nyuma ya majabali hayo lilijificha ziwa tulivu lenye maji maangavu hata ukaona magogo yaliyolala chini. Palikuwa na chemchemi za maji ya moto, za chumvi, ambamo wavuvi walikaa kupumzisha viungo. Kila jambo jipya lilimfurahisha kisha likamchoma, kwa maana alitamani awe na mtu wa kwao wa kumwambia, "Tazama!"

Kuogelea hakujua. Kwao mtoto aliyechezea vilindi vya mto alichapwa. Dada zake Crisanto walikaa mchangani wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Anazama kama jiwe la kusagia!"

"Jiwe la kusagia halipigi kelele," Crisanto aliwajibu. "Ratemo, lala juu ya maji. Usigombane nayo. Yatakubeba."

Akajifunza polepole. Kisha wakampa miwani ya wavuvi, ya mbao iliyochongwa na kuwekewa vioo vidogo, nao wakampeleka kwenye matumbawe. Alipoinamisha uso majini aliona bustani: miti ya mawe, maua yanayopumua, samaki wa rangi zote wakipishana kwa adabu kama watu wanaotoka kanisani.

Siku moja Crisanto alisimamisha mtumbwi karibu na kisiwa kidogo. Hakutania. "Hapa chini kuna meli. Ni za Wajapani, zilizama wakati wa vita. Nyingine ziko mbali sana chini, lakini hii maji yakipwa unaweza karibu kuigusa kwa kasia. Mimi nilikuwa tumboni mwa mama yangu. Anasema nilirukaruka mabomu yalipolia."

Ratemo aliinama kutazama maji. Yeye naye alikuwa tumboni. "Watu walikuwamo?" aliuliza.

"Walikuwamo. Tunavua hapa, lakini kila mwaka siku ya wafu mama huleta maua na kuyaacha yaelee. Tukimwuliza kwa nini anawapa maua maadui, anasema hawa nao wana mama zao."

Ratemo akavaa miwani, akavuta pumzi, akazama. Meli ilikuwa imelala ubavu kama ng'ombe anayecheua. Kutu yake ilikuwa imevikwa matumbawe ya njano na ya zambarau. Aliona mlango. Chuma cha mlango kilikuwa kimeliwa na chumvi, umebaki uwazi tu, na samaki wadogo wa rangi ya fedha waliingia na kutoka. Akachungulia ndani. Alitazamia giza. Lakini jua lilipenya katika matundu ya kutu na kusimama ndani kama nguzo, nguzo nyingi nyembamba, na vumbi la bahari likicheza humo. Alitazama mpaka kifua kikamwaka, akapanda juu, akaushika mtumbwi na kulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumlilia baba ambaye hakuwahi kumwona. Crisanto alitazama upande mwingine, akampa nafasi.

Masomo yalipokwisha Ratemo alirudi Ikonge. Wageni walipokwisha kusalimu na kutoka, alimkuta mama yake uani akipepeta wimbi. Alikuwa amezeeka. Pete zilikuwa zile zile.

"Mama, niliona bahari. Niliingia."

Ungo ulisimama hewani. "Uliingia?"

Akamweleza fuko zile za mchanga, ziwa la nyuma ya majabali, bustani ya mawe. Mwishowe akamweleza meli. "Haikuwa meli ya baba," alisema, maana hakutaka kumdanganya. "Hata bahari ni nyingine. Lakini ilizama mwaka ule ule, kwa vita ile ile."

Nyanchera aliuweka ungo chini. "Ilikuwa baridi?"

"Vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto."

"Na mlango," sauti ya mama ilikuwa nyembamba kama uzi, "mlango ulikuwa umefungwa?"

"Hapana, mama. Ulikuwa wazi. Bahari iliula, samaki wanaingia na kutoka. Ndani kuna mwanga."

Nyanchera alifunika uso kwa kanga. Alipoweza kusema, alisema jambo ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia.

"Vita ilipokwisha, Onchiri, yule aliyeenda na baba yako, alikuja hapa kabla hajafa. Akaniambia, 'Sisi tuliokuwa juu tuliruka. Ondieki alikuwa chini, tumboni mwa meli. Maji yaliusukuma mlango ukajifunga. Tulisikia wakigonga.' Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Bibi yako alikuwa hai, angekufa. Wewe ulikuwa unanyonya. Tangu siku hiyo mimi nasikia kugonga. Kanisani wanasema nizame majini niinuliwe. Kila mara nafua gauni, nasema leo nitaweza. Kisha naona mlango unafungwa."

"Kwa hiyo si pete?"

"Pete zingenizuia nini? Pete ni ahadi. Nilimwahidi sitamwacha amefungiwa, mimi niende zangu kuimba. Watu walisema ni pete, nikawaacha waseme. Ni rahisi kubeba kicheko kuliko kueleza."

Ratemo alipiga magoti kwenye wimbi lililomwagika. Alikuwa amezama katika bahari ya ng'ambo akaona chini yake, na hapa nyumbani, kwa mama aliyemzaa, hakuwahi kupita ukingoni. "Mama, nilikuita mkaidi moyoni mwangu," alisema.

"Nilikusikia," mama akamjibu, akamfuta uso kwa kanga ile ile. "Sasa niambie tena ile habari ya mwanga."

Akamwambia tena. Wiki ile alimwambia mara nyingi, na kila mara mama aliuliza juu ya mlango.

Ubatizo uliofuata ulipotangazwa, Nyanchera alifua gauni jeupe. Kisha akamwita jirani yake mzee, Bathsheba, aliyejua kazi hiyo. Kwa samli na subira pete zilitoka moja baada ya nyingine, zikaacha mikanda ya ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Walizizika upande wa kulia wa nyumba, mahali ambapo Ondieki angelazwa. Manasseh aliomba, kisha akasawazisha udongo kwa mikono yake.

Asubuhi ya ubatizo waumini walikuwa wamekizuia kijito, maji yakajaa kidimbwini, yenye rangi ya chai. Walikuwa wakiimba wakati Nyanchera alipofika katikati yao, na watu waligutuka, kwa kuwa hawakumsikia akija.

Aliingia majini hatua kwa hatua. Maji yalipofika kiunoni alisimama, akamtazama mwanawe ukingoni. Ratemo alifungua viganja vyake viwili, kama mtu anayefungua mlango.

"Mchungaji," Nyanchera alisema, "usiniinue haraka."

Mchungaji alishangaa, lakini alitii. Alimlaza majini. Wimbo ulipungua, kisha ukakoma. Mwanamke mmoja akaanza kunong'ona, "Jamani, mama wa watu!" Ndipo Nyanchera alipoinuka, maji yakimtiririka usoni, macho yake yakiwa wazi kabisa.

"Kuna mwanga," alimwambia Ratemo alipomfunika shuka. "Hata humu, kwenye tope letu, nimefungua macho na kuna mwanga."

Manasseh alikuja kofia mkononi. Ratemo alikuwa amemweleza maneno ya Onchiri usiku uliotangulia, kwa ruhusa ya mama. "Shemeji," alisema, "miaka yote hii mimi nilidhani ni vyuma."

"Ulisimama ukingoni, Manasseh," Nyanchera akamjibu kwa upole. "Si kosa lako. Hata mimi sikukuonyesha pa kuingilia."

Wakapanda mlima pamoja kurudi nyumbani, naye akitembea kimya kwa miguu yake mitupu, na mara kwa mara alisimama akasikiliza. Kugonga hakukuwapo. Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa kijiji kile alipoanza kupima huzuni ya mwenzake kwa macho, jirani alimkatiza kwa maneno ambayo Nyanchera aliyathibitisha: maji usiyoyafika hujui wingi wake.